Tuta Lenye Mifupa

Juzi mjukuu wangu alisogeza kabati kuukuu la hapa nyumbani mtaa wa Kikuyu ili afagie nyuma yake, na mguu mmoja wa kabati ukabaki pale pale ulipokuwa. Ulikuwa ganda tupu. Ndani yake likamwagika vumbi la mchwa, na ile harufu ikanijaa puani: udongo mbichi, mti uliooza, na ukali fulani unaokaa nyuma ya koo. Watoto walikimbilia dawa dukani. Mimi nilivuta kigoda nikaketi karibu na lile vumbi, nikacheka peke yangu mpaka wakaanza kutazamana kwamba kwa bibi sasa kazi ipo.

Akili zangu zipo. Nilikuwa nimemkumbuka mtu ninayemchukia, na nilimkumbuka katika siku yake mbaya kuliko zote. Mtu huyo nadhani alishakufa zamani sana, wala sijui alizikwa wapi. Popote alipo, namwombea udongo mzito. Nawaambia mapema ili msije mkasoma mkingoja mahali nitakapomsamehe, maana hapapo.

Nilizaliwa wakati wa Mdachi, kaskazini ya hapa, ukishaipita Miyuji ukashika njia ya kwenda Makutupora. Mwaka siujui. Najua tu kwamba mambo haya yalipoanza nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, na mapya yalikuwa yanachungulia. Nilikaa kwa bibi mzaa mama, kwa sababu kwetu mjukuu wa kike huenda kumsaidia bibi yake maji na kuni, na tembe ya bibi, nyumba ya miti na udongo mpaka paa, ilikuwa ng'ambo ya korongo, mbali kidogo na ya wazazi wangu. Korongo lile lilitiririka siku chache tu kwa mwaka. Siku nyingine zote lilikuwa mchanga mtupu unaochoma nyayo, na maji yalijificha chini yake.

Kila mji ulikuwa na kisima chake mchangani, shimo la kimo cha mtu au zaidi, lenye ua wa miiba kuzuia mbuzi. Cha bibi kilisifiwa. Aliingia mwenyewe, akachota kwa kata polepole, akingoja maji yachuje, akaniinulia kibuyu nikipokee juu. Yalikuwa baridi, na yalinukia mchanga safi. Mgeni akipita alipewa kwanza maji, salamu baadaye, na bibi alisimama akimtazama anavyokunywa mpaka mgeni aseme ni matamu.

Sasa lazima niwaambie habari ya baba na bibi, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Si ugomvi, ni heshima, na kadiri anavyomheshimu ndivyo anavyomkimbia. Baba yangu alikuwa pande la mtu, fundi wa kujenga tembe anayeitwa vijiji vyote, lakini akimwona bibi anakuja njiani aliacha njia akaingia porini bila kuangalia anaingia wapi. Mara moja alikaa ndani ya kichaka cha miiba muda mrefu, kwa sababu bibi alisimama barabarani kusalimiana na shoga yake, na nadhani alifanya makusudi. Jioni mama alimtoa baba miiba mgongoni huku akiuma midomo asicheke. Chochote baba alichotaka kumpa bibi, mbuzi au asali au kuni, kilipitia mikononi mwangu, na bibi alipokea akisema mkwe kama huyo hajamwona mwingine.

Kisha akaja Mdachi. Alikuja na kamba na vigingi, akapima korongo siku mbili, akaita wazee. Boma lilitaka maji ya nyumbu wake wa mizigo na ya misafara, yadumu kiangazi chote mahali pamoja. Akaagiza lijengwe lambo: tuta la kukinga korongo kutoka ukingo mpaka ukingo, na pembeni mfereji wa mawe wa kupitishia maji yakizidi. Alisisitiza jambo moja mara tatu kupitia kwa mkalimani. Tuta liwe la udongo mtupu, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likanyagwe na ng'ombe mpaka likaze. Liwe limekwisha kabla ya mvua. Akapanda nyumbu wake akaenda zake, akatuachia nyapara aitwaye Feruzi na askari wawili.

Feruzi alitoka mbali. Wengine walisema pwani, wengine Tabora; mimi nilijua tu kwamba hakutoka mahali penye shida ya maji, maana alikuwa akiosha miguu mara tatu kwa siku. Aliketi kwenye kiti cha kukunja, akanyoosha miguu, na mwanamke aliyekuwa ametembea na mtungi kichwani tangu alfajiri akaambiwa amwagie. Maji yakapotelea mavumbini. Sisi watoto tulisimama tukitazama lile tope dogo chini ya miguu yake, na mbuzi walikuja kulilamba akiisha kuondoka. Alikuwa na sauti laini, karibu ya upole, na hiyo ndiyo iliyonikera zaidi kuliko kiboko chake.

Siku za kwanza watu walikwepa kazi. Waliingia visimani mwao alfajiri, wakachota, wakapotelea machungani. Feruzi akaona dawa yake ni maji. Akaamuru visima vyote vya mchangani vifukiwe isipokuwa kimoja, kilichokuwa karibu na kiti chake, ili kila mwenye kiu apite mbele ya macho yake, na asiyebeba udongo asichote. Askari wakavifukia kwa siku moja. Cha bibi walikifukia pamoja na kata yake ndani.

 Siku ya tatu asubuhi bibi alichukua jembe, akaniambia nishike kibuyu, tukashuka korongoni. Alichimba mpaka jua likawa juu, akaipata kata yake, akaifuta mchanga kwa kanga yake, na maji yakaanza kuja. Tulikuwa hatujajaza kibuyu askari walipofika.

Wakamleta mbele ya watu wote waliokuwa kazini. Feruzi aliuliza bibi huyu ana nani hapa. Mtu fulani, sitamtaja maana ana wajukuu wema, akajibu kwamba ana mkwe, fundi wa tembe, yule pale. Feruzi alikuwa amekaa nasi vya kutosha kuijua mila ile. Akatabasamu, akamwita baba kwa sauti yake laini, akamwambia amlaze bibi chini na amshike miguu.

Baba alisimama.  Askari mmoja akafungua bunduki na kuifunga tena, mlio mdogo tu. Kisha baba akapiga magoti, akageuza uso upande, akamshika bibi miguu. Bibi alipigwa viboko kumi. Hakulia. Alijifunika uso kwa mikono yote miwili tangu mwanzo hadi mwisho, na mimi nilidhani anaogopa kiboko, kumbe alikuwa anaficha uso wake ili mkwe wake asiuone.

Siku ile nilimchukia Feruzi kwa chuki ambayo sikujua mtoto anaweza kuwa nayo.  Na nilimchukia baba karibu kiasi kile kile. Angekataa, niliwaza. Kwamba wangempiga risasi pale pale, hilo halikuniingia. Nilijua jambo moja tu, kwamba alishika.

Bibi aliingia ndani ya tembe yake na hakutoka tena mchana. Aliniambia maji ya Feruzi, ya kisima chake wala ya lambo likijaa, hayatapita kooni mwake, akanifanya niape pamoja naye, kwa hiyo kila siku nilikwenda na kibuyu mpaka visima vya watu wengine kijiji cha pili, nikatoka asubuhi nikarudi jua linapotua. Baba naye aliacha kuleta vitu. Hakuna mbuzi, hakuna asali, hata salamu. Nilifikiri amesahau. Baadaye sana nilielewa kwamba hakuwa na mkono wa kumpa kitu tena, baada ya mkono ule kumshika miguu.

Badala yake akawa mtu wa Feruzi. Nilikuwa nikipita na kibuyu changu namwona juu ya tuta, akikimbia huku na huko, akiwahimiza wenzake, jasho linamtiririka. Mvua zilikuwa zinakaribia na tuta lilikuwa bado chini, na Feruzi alianza kuhangaika, kwa kuwa Mdachi alikuwa amesema kabla ya mvua. Ndipo baba akamwendea ameinamisha kichwa, na maneno yake yakawa maarufu kijijini: "Bwana nyapara, kwetu ukuta hausimami bila mifupa."

Akamweleza kwamba ukisimamisha nguzo katikati, ukalaza fito na matawi, kisha ukamwaga udongo juu, kama tunavyoezeka tembe, tuta litapanda nusu ya siku mahali pa siku tatu. Feruzi alifurahi. Alicheka akasema washenzi hawa hata bwawa wanalijenga kama dari, lakini kama linapanda basi lipande. Watu wakatumwa porini kukata miti. Tuta likapanda kweli, likafunikwa udongo mzuri wa kichuguu, ng'ombe wakapitishwa juu likang'aa. Baba akapewa kofia nyekundu. Akaivaa kila siku, hata kwenye jua kali, na mimi nilipoiona nilitema mate.

Bibi alikufa siku chache kabla ya mvua. Alikuwa akinywa kidogo sana, akisema kibuyu changu ni kidogo na safari ni ndefu, ninywe mimi. Ninapomhesabia Feruzi makosa yake, hilo huliweka la kwanza. Wakati wa maziko baba alisimama mbali, nyuma ya watu wote, na hakuna aliyemkaribia.

Nikarudi kwa mama. Mvua zikanyesha, korongo likashuka kwa kishindo, likagonga tuta, likasimama. Nisiseme uongo, lambo lilikuwa zuri. Hatukuwa tumewahi kuona maji yaliyolala. Bata maji walikuja kutoka nisikokujua, na wingu likapita juu na chini kwa wakati mmoja. Maji yale yalikaa mpaka ndani kabisa ya kiangazi, wakati ambao miaka mingine ng'ombe walishaanza kuanguka. Lambo lingetunzwa kwa haki lingeokoa nchi nzima ile. Lakini ufunguo wake alikuwa nao Feruzi. Asubuhi walikunywa nyumbu wa boma, kisha punda wa misafara, kisha yakachotwa madebe ya bustani yake, kisha ng'ombe wa wale aliowapenda, na sisi wengine tulichota jioni mahali walipokwisha kukanyaga wanyama wote. Aliyemchukiza alisimama nje siku mbili akiangalia maji. Nami, kiapo changu kilinishinda siku ya pili baada ya lambo kujaa. Nilikunywa, na maji yalikuwa matamu, na kwa utamu ule nikamchukia zaidi.

Alijijengea nyumba chini ya tuta, upande mkavu, mahali ambapo unyevu kidogo ulichuja, na akapanda miwa na mipapai. Nyumbu wawili wa boma walifungwa uani kwake. Wanawake walipangiwa zamu za kulima bustani ile. Tembe zetu zilikuwa juu ukingoni, kwa hiyo kule chini alikaa yeye peke yake na mipapai yake, na askari wake walilala kambini njiani.

Mvua za pili zilipoanza nilikuwa na akili zaidi. Asubuhi moja nikishuka kuchota, niliona doa la unyevu chini ya tuta, nyuma ya kichaka, upande wa nyumba yake. Nikasogea. Maji yalikuwa yanatoka kwa unene wa kidole, nayo hayakuwa meupe, yalikuwa na rangi ya udongo. Bibi alinifundisha hilo kisimani: maji meupe yanachuja tu, lakini maji yenye rangi yanabeba kitu, na kinachobebwa kinatoka mahali. Nikaingiza kijiti kikazama chote. Nilipokitoa kilikuja na mchwa.

Nilikaa pale nikifurahi peke yangu. Ningeweza kupiga kelele, watu wangekuja na majembe, wangechimbua na kuziba kabla ya magharibi. Badala yake nilikata matawi ya miiba nikafunika. Kesho yake nikarudi, nikafunua, nikachokoa kwa mti wa kuchimbia mizizi, nikafunika tena. Hivyo kila asubuhi, mvua ikiwa imenyesha au haikunyesha. Feruzi alipenda kutembea juu ya tuta akisha kuosha miguu, mikono nyuma, akitazama maji yake. Nilimpa shikamoo kila siku kwa adabu kabisa. Alisema mimi ni mtoto mwenye malezi.

Jambo moja nililiona la ajabu bila kulielewa. Juma lile la mwisho wanawake wote wa kijiji walipatwa na mgongo. Mama mgongo, jirani yetu mgongo, mwingine akasema ana mimba inayomsumbua, ilhali alikuwa na nywele nyeupe. Hakuna aliyeshuka kulima bustani ya nyapara. Feruzi alituma askari kuwatukana, wakalala wakiguna kwa uchungu mkubwa, na askari akarudi zake.

Tuta likavunjika asubuhi, jua limeshatoka. Nilikuwa ukingoni na kibuyu. Kwanza nilisikia sauti ya kitu kikubwa kikimeza mate, kisha katikati ya tuta pakadidimia taratibu, kama mtu anavyokaa, na maji yakapita. Yaliichukua nyumba ya Feruzi bila kusimama. Miwa ilikwenda, mipapai ikaenda, nyumbu wakaenda wamefungwa vile vile. Kiti chake cha kukunja nilikiona juu ya mawimbi kimefunguka, kinangoja mtu. Niliruka na kupiga makofi, na nikimkumbuka bibi nililia wakati huo huo.

Feruzi tulimkuta mbali chini, amenasa kwenye mgunga, uchi kama alivyozaliwa, miiba imemshika kila mahali. Kijiji kizima kilisimama kumtazama, wanaume, wanawake, watoto. Hakuna aliyegeuza uso. Alijifunika kwa mikono na mikono haikutosha. Wakati ule ulikuwa mtamu kwangu, na bado ni mtamu. Kisha baba akatoka kwenye kundi, akavua nguo yake ya begani, akamfunika Feruzi, akamtoa miiba mmoja mmoja. Niliona haya kuwa mwanawe.

Mdachi alikuja upesi, nadhani kwa ajili ya nyumbu. Akatembea mpaka pale tuta lilipokatika. Miti ilikuwa imechomoza kila upande, na aliposhika mmoja ulivunjika vidoleni mwake, ukamwaga vumbi. Akauliza nani aliweka miti ndani ya tuta lake. Feruzi akamwonyesha baba.

Wakamleta mbele, na kofia yake nyekundu. Mdachi alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa amekaa nchi hii miaka, hakuwa mjinga. Akasema maneno, na mkalimani akayatoa kwa kigugumizi, maana hata yeye aliogopa. "Bwana anasema miti ya nyumba zenu hukaa bila kuliwa na mchwa kwa moshi wa jiko. Anauliza, ndani ya tuta mlitia moshi gani. Anasema wewe ni fundi. Anataka kujua ulikuwa unajenga nini."

 Mti uliokuwa mbele ya boma, na kamba yake, kila mtu aliujua. Baba akaanza kueleza. Akaeleza jinsi tembe inavyojengwa, nguzo zenye panda, kisha boriti, kisha fito, kisha nyasi, kisha udongo, kisha kuku wanavyopanda juu na kuchakura, na dawa ya kuku wale. Alirudia tangu mwanzo. Mate yalimkauka pembeni mwa mdomo, naye akaendelea na habari za kuku. Mimi nilikuwa mbele ya mama, namtazama mtu aliyemshika bibi miguu, aliyevaa kofia ya muuaji wake, na sasa hata kujitetea hawezi. Nikacheka. Kilikuwa kicheko cha dharau, kikatoka kwa sauti, kikasikika na kila mtu.

Mdachi akageuka. Mkalimani akaniuliza nacheka nini, nikamjibu kwa sauti kubwa, nikimtazama baba machoni.

"Namcheka baba. Ni mjinga."

Mkalimani akatafsiri. Mdachi akanitazama, akamtazama baba na kofia yake, na pembe za mdomo wake zikalegea. Akacheka kidogo puani. Kisha akamgeukia Feruzi, na hapo hakucheka. Alimuuliza kama hakumwambia udongo mtupu, mara tatu. Feruzi akafungwa minyororo pale pale, akaondoka akiwa amebeba mzigo wa askari waliokuwa wake, na hatukumwona tena. Baba alipewa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa ujinga wake. Nilihesabu zote, na sikumpelekea hata maji.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Tulifukua visima mchangani, ng'ombe wengi wakafa, na hakuna aliyelalamika. Nilikua na kiburi kwamba mimi ndiye niliyelivunja lambo, nikiwa peke yangu, katika kijiji cha waoga. Baba nilimsalimia nusu mdomo. Mdachi akaondoka, nikaolewa, nikazaa, nami bado nilimsalimia nusu mdomo. Wala hakuwahi kunidai zaidi.

Kisha, akiwa mzee, baba aliongoza watu kujenga lambo jingine, bonde lile lile, juu kidogo. Lilikuwa la hiari, la kijiji. Nilikwenda kupeleka chakula, nikamwona akikataza mtu asiache hata mzizi mmoja ndani ya udongo. Tabaka juu ya tabaka, ng'ombe juu yake, nyasi za kushika mgongo wa tuta, mawe kwenye mfereji wa pembeni. Zamu za maji aliziweka yeye, na wajane walichota kwanza. Lambo hilo lipo hata sasa. Nilishangaa alijifunzia wapi, lakini sikumuuliza.

Nilimuuliza mama, na wakati huo baba tulikuwa tumeshamzika. Mama alikuwa anapepeta uwele uani. Alinijibu bila kuacha kazi kwamba baba alijua kujenga tuta la udongo tangu ujana, na kwamba miti ile aliichagua mwenyewe, mmoja mmoja, akiacha mpingo ambao mchwa hauwezi, akichukua laini tusiyoitumia hata kwa kuni. Wanaume wote walijua. Wanawake walijua siku gani waugue mgongo. Nyayo zangu ndogo chini ya tuta baba alizifuta kila asubuhi kwa tawi, nikisha kuondoka, ili zisionekane. Na jioni ile ya viboko, mama alipokuwa akimwosha mgongo, baba alisema nimemwokoa na kamba, kwa kuwa Mdachi hakumwamini yeye, aliniamini mimi. Akamwapisha mama asiniambie. Alisema Mdachi anaweza kurudi kuuliza tena, na nikijua, sitaweza tena kumdharau vizuri.

Mdachi hakurudi. Nilimuuliza mama kwa nini basi baba hakusema baadaye. Akasema baba aliona haya kuomba heshima kwa mwanawe.

Kisha akaweka ungo chini, akaniuliza jambo ambalo nadhani alikuwa amelishika miaka yote. Alitaka kujua kama siku ile, nilipotamka lile neno mbele ya Mdachi, nilikuwa nimeelewa na nikasema makusudi, au niliamini kweli kwamba baba ni mjinga. Alisema baba naye hakuwa na hakika, na alipenda kudhani nilielewa.

Nilitamani sana kumdanganya. Nikamwambia niliamini. Mama akaokota ungo wake, akaendelea kupepeta.